Walimchimbia Hesbon Angali Anakohoa

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili kumi na tisa. Hapana, ngoja, nimekosea. Kumi na tisa ni nambari waliyoupa ugonjwa, na mimi kila mara naifanya kuwa ndiyo mwaka. Mwaka wenyewe ulikuwa ishirini, mwezi wa saba, wakati mahindi ya Kitale yanatoa mbelewele na baridi inaingia mpaka ndani ya viatu. Tushike hapo.

Nataka kumwandika Hesbon Khaemba, kwa sababu waliomwandika kabla yangu walimwandika vibaya.

Hesbon alikuwa mkung'uta magunia. Huenda wewe unayesoma hujui kwamba hiyo ni kazi. Gunia la mahindi likishamwagwa halitupwi. Linapelekwa kwa mtu wa kuligeuza ndani nje na kulipiga kwa fimbo mpaka vumbi na dawa ya wadudu vitoke, kisha anatafuta matundu na kuyaziba kwa sindano ndefu iliyopinda, halafu gunia linarudi sokoni. Hesbon aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja, katika banda moja nyuma ya maghala ya Kitale. Kutafuta matundu alikuwa na njia yake. Alikuwa anaingiza kichwa chote ndani ya gunia, anaelekea jua, na kila tundu linamwonyesha mwanga. "Leo nyota ni nyingi," angesema humo ndani, na sauti yake nzito ikatoka kama ya mtu aliye kisimani.

Mimi natengeneza cherehani. Nina baiskeli na kisanduku cha bisibisi, na nimezunguka na hicho kisanduku kutoka Kapenguria mpaka Malaba tangu nikiwa na nywele nyeusi. Pale bandani palikuwa na cherehani nzito ya kushonea magunia, vumbi likawa linaiziba kila wiki, na kila wiki nikawa hapo. Mwishowe tulipanga vyumba vinavyopakana katika ploti moja ya Matisi, kwa mama mmoja aitwaye Gladwell, ambaye sisi wote tulimwita Mama Wahu kwa jina la binti yake.

Sasa kile kikohozi. Mtu hawezi kuweka kichwa ndani ya gunia miaka thelathini na asikohoe. Kikohozi cha Hesbon kilikuwa kikavu, mara tatu, kimya kidogo, halafu mara moja tena kama mtu anayefunga mlango. Kila alfajiri saa kumi na moja kilikuwa kinaamsha ploti nzima. Mama Wahu hakuwa na haja ya saa. "Hesbon amekohoa, washeni jiko," ndivyo alivyokuwa akiwaita wapangaji.

Jumamosi mchana alikuwa anafunga nusu kilo ya nyama kwenye usukani wa baiskeli na kunyonga mpaka kwake Kamukuywa, kwa mke wake Nabwile. Jumapili anaimba besi katika kanisa la Marafiki. Jumatatu kabla ya jua kukolea amerudi bandani, kichwa kiko ndani ya gunia. Hayo ndiyo maisha yake yote, na sikuwahi kumsikia akiyalalamikia.

Kisha ugonjwa ukaja, na serikali ikaja nyuma yake. Mnisamehe, maana hapa ndipo mate yangu yanapogeuka machungu. Zile kaunti zetu mbili, ya juu yenye Kitale na ya chini ya Bungoma, zilileta matangi meusi sokoni, kila moja limeandikwa jina la mkubwa kwa herufi kubwa kuliko bomba lenyewe. Maji yalikwisha wiki ya pili. Siku moja nilifungua bomba ninawe, akatoka mjusi. Akina mama wa mboga wakafukuzwa sokoni, wakapelekwa kwenye uwanja usio na choo hata kimoja, ili wasiambukizane. Gari la kunyunyiza dawa lilipita barabarani siku ambayo watu wa kamera walikuwepo. Kamera zilipoondoka, na dawa ikaisha.

Lakini sisi watu wa kawaida nasi tusinawe mikono haraka. Pale Matisi mtu akikohoa alikuwa anatazamwa kama mwizi wa kuku. Vijana wa boda walianza kwa mzaha:

"Niaje Hesbo! Hiyo ni kavu ama ni ya maji?"

"Ni ya gunia, bana. Ingia humu uonje."

"Si ukoholee huko kwenu Bungoma?"

Wakacheka, naye akacheka. Wiki iliyofuata hawakucheka. Walikuwa wanageuza pikipiki wakimwona.

Mama Wahu alinijia, akasimama mbali hatua kama kumi. "Guka," akaniita, kama Wakikuyu tunavyomwita babu, "mwambie rafiki yako akohoe polepole."

"Kikohozi hakina breki, Mama Wahu. Wewe mwenyewe umekitumia kama saa miaka minane."

"Hiyo ilikuwa zamani. Nina wapangaji kumi na wawili. Na Wahu ana pumu, unajua."

Kesho yake alipiga ile nambari ya redioni, ya kuripoti wagonjwa. Sikumchukia. Mtoto mwenye pumu ni mtoto mwenye pumu. Ila alipiga akiwa chumbani, mlango amefunga, na Hesbon alikuwa nje akimpasulia kuni.

Walikuja saa nne asubuhi, watu wanne wenye nguo nyeupe za plastiki, na kipaza sauti. Ploti ina vyumba kumi na vitatu, mtu angeweza kumwita kwa mdomo tu. Hesbon alitoka na sabuni usoni, alikuwa ananyoa ndevu, upande mmoja tayari.

"Ngojeni nimalize shavu moja."

"Ingia gari, mzee!"

Akaingia na shavu lake. Walinyunyizia chumba chake dawa, na blanketi, na mkate uliokuwa mezani. Mlangoni wakabandika karatasi nyekundu. Watu niliokunywa nao chai miaka mingi walikuwa wamesimama nje ya ua wakipiga picha kwa simu.

Walimweka katika bweni la shule moja iliyofungwa. Wakamchokoa puani kwa kijiti, wakasema majibu yatakuja. Kila siku nilipeleka uji kwenye chupa nikamwachia askari wa langoni, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kupita. Siku ya tatu nilisahau kofia yangu pale, nikarudi, nikamkuta askari na chupa yangu, anajifuta midomo.

"Ni tamu, mzee," akaniambia bila aibu hata ya kuazima. "Kesho ongeza sukari."

Mimi si mtu wa kupigana. Nilichukua kofia yangu. Lakini tangu siku hiyo sinywi uji wa wimbi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Hesbon mwenyewe. Siku ya tano mtu wa ofisi alikuja na orodha, akatazama kitambulisho chake. "Kamukuywa? Huyu ni wa kaunti ya chini. Kwa nini anakula chakula chetu?" Lazima ujue kwamba kila jioni redio ilikuwa inasoma hesabu ya wagonjwa, kaunti kwa kaunti, na hakuna kaunti iliyotaka hesabu yake ipande. Wakapigiana simu. Wakapatana gari la huku limpeleke mpaka kwenye mpaka, na gari la kule limchukue hapo.

Wakamshusha saa tatu asubuhi chini ya lile bango la kukaribisha wageni, na barua ndani ya mfuko wa plastiki. "Kaa hapa. Usivuke mpaka wenzetu waje." Gari likageuka, likaenda.

Hakuja mtu. "Nilikaa pale, Mathenge," aliniambia, "kama debe la maziwa ambalo lori limelisahau." Mvua ilinyesha, ikaanuka. Magari yalipita. Mtu mmoja alipunguza mwendo, akaona ule mfuko wa plastiki na ndevu za upande mmoja, akaongeza mwendo. Ilipofika saa nane na nusu, Hesbon aliweka barua ya serikali mfukoni, akaanza kwenda nyumbani kwa miguu.

Gari la kaunti yake lilikuwa na kazi nyingine asubuhi hiyo. Lilikuwa nyumbani kwake, likimchimbia kaburi.

Nabwile alikuwa anapalilia vitunguu alipowaona watu wa nguo nyeupe wakiingia na majembe. Walipima karibu na jikoni, mahali ambapo hakuna Mbukusu mwenye akili angemlaza mzee wa boma.

"Mnachimba nini kwangu?"

"Pole, mama. Mzee alituacha leo alfajiri huko Kitale. Mwili utafika saa nane. Hakuna kufungua sanduku, hakuna kulia karibu. Dakika kumi na tano tumemaliza."

Nabwile alianguka papo hapo kwenye vitunguu. Majirani walilia naye, lakini kutoka ng'ambo ya ua. Wale watu walichimba, wakamwaga unga mweupe, wakazungushia utepe mwekundu. Kisha wakaketi juu ya udongo ule ule, wakafungua chakula chao kilichofungwa karatasi, wakala chipsi na kuku. Mifupa waliitupa ndani ya shimo. Nabwile aliiona. Ndani ya kaburi la mume wake, kama jalala la hoteli.

Saa tisa walichoka kungoja. "Hakuna kugusa hili," mkubwa wao alisema. "Ni kaburi la serikali. Chifu analichunga." Wakaenda.

Saa kumi Hesbon akatokea njiani.

Majirani walikimbia wote, mmoja akaacha viatu. Nabwile peke yake hakukimbia. Alisimama, mikono kichwani, akamwambia, "Kama wewe ni mzimu, sema. Kama ni wewe, kohoa."

Hesbon hakuhitaji kuombwa. Alikohoa mara tatu, akanyamaza, akafunga mlango.

"Ni yeye!" Nabwile akapiga kelele, akakimbilia langoni. Lakini mbele yake ilinyooka fimbo. Ilikuwa ya mzee Mukhisa, mkubwa wa ukoo wao, yule anayesimama kunena maisha ya marehemu watu wakishazika.

"Simama hapo hapo, mwanangu," alimwambia Hesbon. "Usikanyage boma. Kaburi limechimbwa na jina lako limetajwa."

"Papa Mukhisa, nimelowa. Nina njaa."

"Nalo lina njaa. Shimo likifunguliwa kwa jina la mtu halifunikwi tupu. Tutalipa mgomba ulale humo badala yako. Likikula mgomba, wewe utaingia kwa lango lako na utapewa chakula. Ukiingia leo, litakukula wewe ama mtu wa nyumba yako."

Mimi ni Mkikuyu, na zamani kwetu maiti ilikuwa na miko yake mikali kuliko hiyo. Sicheki ya mwenzangu. Na Hesbon mwenyewe, mwimba besi wa Marafiki, hakubishana hata neno moja. Alimwangalia Nabwile ndani ya ua, akarudi nyuma hatua tatu. Kama kungekuwa na hatari, haingempata mke wake kwa sababu ya miguu yake.

Kukata mgomba ni kazi ya dakika moja. Lakini chifu alishatangaza: atakayegusa kaburi la serikali atapelekwa karantini yeye na watoto wake. Hakuna mwanaume wa kijiji aliyeinua jembe. Kwa hiyo Hesbon alienda kukaa kwenye kibanda cha kukusanyia maziwa kando ya barabara, chenye paa na kisicho na ukuta, mwezi wa saba.

Nabwile alinipigia asubuhi. "Shemeji, njoo. Serikali imemzika Hesbon na yeye anatetemeka kwa kibanda."

Nilidhani huzuni imemvuruga. Niliponyonga baiskeli nikafika, nilimkuta kweli amejikunja juu ya mbao, amejifunika gunia. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu, na kikohozi sasa hakikuwa na mpango, kilikuwa kinakuja tu.

"Mkikuyu wangu," alisema, "umekuja kwa matanga yangu? Umechelewa. Kuku wameliwa na wenye kuchimba."

"Nyamaza, uokoe pumzi."

"Naokolea nani? Mimi ni marehemu."

Alicheka, lakini nilimshika mkono na ulikuwa baridi kama bisibisi. Nikajua tuna siku mbili, tatu hivi. Akiachwa hapo na mvua ile, lile shimo lingempata mwenyewe bila haja ya mgomba.

Chifu hakutufungulia mlango, alizungumza kupitia dirishani. Yeye hana neno, alisema, tulete barua tu kutoka ofisi ya Bungoma. Nikaenda na Nabwile. Pale Kanduyi walitusimamisha wapimaji wa joto, mmoja akamwelekezea Nabwile kile kibomba kwenye paji la uso. Alisoma thelathini na moja.

"Pita, mama. Uko sawa."

"Thelathini na moja?" Nabwile akaniangalia. "Basi kumbe maiti ni mimi."

Ofisini tulikaa kwenye benchi mpaka saa saba. Mle ndani kulikuwa na karani mmoja, binti aitwaye Pauline, na bwana mnene ambaye barakoa yake ilikuwa imeshikilia kidevu kama bandeji ya jino. Alikuwa na masanduku matano ya sabuni nyuma ya kiti, yale yale ya kugawiwa sokoni. Alifungua daftari.

"Khaemba Hesbon. Kamukuywa. Huyu tumemaliza naye, amezikwa jana."

"Hajazikwa, bwana," Nabwile akasema. "Yuko kwa kibanda cha maziwa. Anakohoa."

"Rekodi inasema amezikwa."

"Mimi ni bibi yake!"

"Mama, ugonjwa huu unachanganya watu wengi akili. Pole sana."

Nikasema kwa upole, maana sijui njia nyingine, "Mheshimiwa, kaburi liko wazi, halina mtu. Tunaomba tu ruhusa ya kulifunika."

"Kufunika kaburi la serikali kunahitaji barua."

"Ndiyo tumeijia."

"Na barua natoa kwa cheti cha kifo."

"Sasa cheti cha kifo tutatoa wapi, na mtu hajafa?"

Akafunga daftari. "Hapo ndipo mnapojiletea shida wenyewe." Akatoa mguu wa kuku kutoka kwenye droo, akauma. Nilimtazama akitafuna, nikakumbuka ile mifupa shimoni. Nilivaa kofia yangu nikatoka nje. 

Tulirudi Kamukuywa jioni. Tulipofika Nabwile alipita kibandani, akamgusa mume wake shingoni, kisha akaenda moja kwa moja kwenye migomba yake na panga. Aliuangusha mmoja mnene kwa mapigo mawili. Mzee Mukhisa alimkuta anauburuta.

"Nabwile, chifu amesema..."

"Papa, chifu akitaka kunipeleka karantini anikute nikiwa na mume."

 Mzee akaweka fimbo yake kando, akashika upande wa pili wa mgomba.

Tulizika kesho yake saa nne asubuhi, siku ya tatu. Tuliuosha mgomba, tukauvalisha suruali ya Hesbon ya kanisani na shati lake jeupe, maana Mukhisa alisema ukidanganya kaburi kwa nguo mbovu litajua. Nilishuka shimoni mimi, mgeni, kuokota mifupa ya kuku, kwa kuwa watu wa ukoo hawakuruhusiwa kushuka. Maji yalinifika magotini. Unga wao mweupe ulikuwa umegeuka uji. Niliokota mifupa tisa na kopo la soda.

Majirani walianza kutokea. Mmoja, wawili, kutoka ng'ambo ya ua, wakiwa na aibu, kila mmoja na jembe lililofichwa nyuma. Nabwile alipoanza kulia jina la mume wake, alilia kweli. Nilidhani itakuwa igizo. Alilia siku tatu zile zote, na bweni, na vitunguu, na wanawake wale wakavuka ua wakalia naye. Mzee Mukhisa alimnena Hesbon: alizaliwa wapi, alitahiriwa mwaka gani, aliziba magunia mangapi, hakuiba la mtu. Kutoka barabarani, kibandani, marehemu alikuwa anasikiliza na kukohoa.

Tulikuwa tumemwaga nusu ya udongo askari wawili wa chifu walipofika.

"Mko wangapi hapa? Sheria inasema kumi na tano!" Mmoja akaanza kuhesabu kwa kidole. "Kumi na saba!"

"Kumi na sita," Mukhisa alisema. "Umejihesabu na wewe."

"Marehemu ni nani?"

"Ni mgomba."

"Mzee, usinichezee. Alikufa na korona?"

"Huo mgomba haukupimwa," Nabwile akamjibu, machozi bado yanatiririka. "Kama unataka, ingia na kijiti uuchokoe pua."

Watu walicheka, Mungu atusamehe, tukiwa na udongo mikononi. Askari hawakucheka. Walimchukua mzee Mukhisa, miaka yake sabini na nne, wakamtembeza mpaka kwa chifu, na wakachukua jogoo mmoja kama ushahidi. Mukhisa alirudi jioni yake. Ushahidi haukurudi.

Lakini shimo lilikuwa limejaa. Wale waliobaki walimalizia haraka, Nabwile akapiga udongo kwa miguu mpaka ukalingana. Kisha akaenda langoni, akamwita kwa jina, na Hesbon akaja akishikilia ua, akapita katika lango lake mwenyewe, akaingia nyumbani. Alikula ugali kidogo na mchuzi wa vitunguu, akalala karibu na jiko siku nne. Siku ya tano kikohozi kilirudi kwenye mpango wake.

Majibu ya kile kijiti yalitoka baada ya wiki tatu. Hakuwa na ugonjwa. Lilikuwa gunia tu, kama alivyowaambia tangu mwanzo.

Ungedhani mambo yaliisha. Mama Wahu alikuwa amekipangisha chumba chake kwa mtu mwingine, vitu vyake aliviweka nje na mvua ikavinyeshea. Alinilipa heshima ya kutoniangalia machoni. Bandani nao walimwambia Hesbon kwamba wateja hawatanunua gunia lililoguswa na yeye. Watu wale wale waliojua kwa nini anakohoa! Baiskeli yake niliipeleka Kamukuywa, ikabaki huko. Sasa analima vitunguu na mke wake, na ninapopita na kisanduku changu tunakunywa chai. Barabarani bado wapo wanaomwita Marehemu. Anaitika.

Jambo moja ndilo lilinirudisha Bungoma. Miezi miwili baadaye Nabwile alinituma nikaombe jina la mumewe lifutwe kwenye daftari la waliokufa, kwani ofisi nyingine zilikuwa zimeanza kumkataa. Yule bwana hakuwepo. Pauline karani alifungua, akatazama mlango, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mzee, kosa halikutoka hewani tu. Kuna mtu alikufa kweli alfajiri ile, bwenini. Mtu wa kitanda cha mlangoni. Watu wa Kitale walipotupigia simu walisoma jina la mstari uliofuata."

Nilirudi nikamuuliza Hesbon. Aliweka kikombe chini. Ndiyo, alisema, kitanda cha mlangoni kulikuwa na mtu. Mrefu, si wa huku, labda wa juu kule milimani. Alimpa maji mara mbili usiku ule, kwani hakuna muuguzi aliyepita. Mtu huyo hakumwambia jina. Alikuwa anauliza tu kitu kimoja, ng'ombe wake wanakamuliwa na nani. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa, na Hesbon alidhani amepelekwa hospitali kubwa.

Tangu hapo, kila ninapofungua cherehani ya mtu, Kitale, Kapenguria, kule juu Elgon, nauliza kama kuna boma lililompoteza mwanaume mwezi ule. Wananiambia wengi walipotea. Ofisi ya juu nimeenda mara tatu, na ya chini mara nne. Ya juu wanasema mtu huyo yuko kwenye daftari la chini. Ya chini wanafungua daftari, wananionyesha jina la Hesbon, limepigwa mstari, na kando yake hakuna kitu. Mara ya mwisho bwana yule alikuwepo, barakoa haipo tena hata kidevuni, na nilisimama mbele ya meza yake nikashika kofia yangu kwa mikono miwili, nikamuuliza kwa upole kama ninavyouliza kila mara: yule mwenye ng'ombe, bwana, mlimweka kwenye shimo la nani?